Nilistaafu na Mguu Mmoja na Nusu

Vidole vyangu vitatu vilistaafu kabla yangu. Vilitangulia kwenda Koboko ndani ya kopo la maziwa ya unga, kaka yangu Lemi amelipakata mapajani kwenye teksi kutoka Arua, na akavizika nyuma ya nyumba ya marehemu mama, upande wa migomba. Mimi nilibaki wodini na vidole saba vya miguu na hasira nyingi. Kwetu kipande cha mtu hakitupwi ovyo. Kwa kuwa nilikuwa muuguzi, nilijua shimo la hospitali liko wapi na nini huingia humo, kwa hiyo sikubisha.

Naitwa Kiden, lakini wengi hawalijui jina hilo, wananiita Sista. Niliuguza watu Arua miaka ishirini na tisa, nikastaafu nikiwa na hamsini na mbili, na si kwa kupenda. Sukari ndiyo iliyonistaafisha. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeambiwa juzi kwamba ana sukari, au aliyekatwa kidole, na sasa ameegemea ukuta akijiuliza atakula nini na atatembeaje. Sitaeleza sukari inafanya nini ndani ya damu. Hayo muulize daktari wako, ndiyo kazi anayolipwa. Mimi nitasema yale ambayo sisi wauguzi hatuwaambii tukiwa tumevaa sare.

La kwanza ni kwamba nilijua. Miaka sita nilijua. Nikimaliza zamu najitoboa kidole kwa mashine ya wodi, naona namba, najiambia ni chai ya leo, walitia sukari nyingi. Wiki ijayo ni uchovu. Mwezi ujao mashine ndiyo mbovu. Mgonjwa angenieleza hivyo ningemfokea mpaka wodi ya pili isikie. Vidonge nilikula siku nilizokumbuka, na hakuna mahali palipoandikwa. Huku kwetu mgonjwa anakuja hospitali na daftari la shule, lile jembamba, daktari anaandika humo ugonjwa na dawa, na mwenyewe analitunza nyumbani pamoja na kadi ya ubatizo. Mimi sikuwa na daftari, kwa hiyo sikuwa mgonjwa. Watu husema mganga hajigangi, wakacheka. Mimi naongeza kwamba wala hapangi foleni.

Kilichonifumbua macho ni beseni la maji. Ilikuwa kiangazi, Januari, lile vumbi jekundu la Arua limeingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimesimama kutwa nzima kwa sababu wenzangu wawili walikuwa wanaumwa. Nikarudi nyumbani, zile nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali, nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikatumbukiza mguu wa kushoto. Mama alikuwa akimfanyia baba hivyo alipokuwa askari, akirudi na miguu iliyovimba, nasi watoto wa kambini tukigombania nani atachota maji. Basi nikakaa pale nikaona raha.

Haikuwa raha. Sikuhisi kitu, na mtu aliyesimama kutwa akipata nafasi ya kutohisi kitu huiita raha. Binti yangu Poni, aliyekuwa likizo kutoka shule anakofundisha Adjumani, alipita na sufuria akasimama.

"Mama, hii maji inatoa moshi."

Nikatoa mguu. Ngozi ilibaki kwenye beseni. Miaka yote hiyo niliwafundisha wazazi wapya wa Arua kwamba maji ya kuogesha mtoto yanapimwa kwa kiwiko, na nilikuwa nawaonyesha kwa kiwiko changu mwenyewe. Mguu wangu uliokuwa umekufa ganzi miaka miwili sikuupa hata heshima ya mtoto mchanga. Waswahili husema maji ya moto hayaunguzi nyumba. Labda, lakini hawakusema chochote kuhusu miguu.

Ungedhani sasa nilikwenda kwa daktari. Sikwenda. Niliona aibu, na nasema wazi kwamba aibu ndiyo iliyokula vidole vyangu, sukari ilisaidia tu. Nilikifunga kidonda mwenyewe, nikavaa viatu vyeupe vya kazi, nikaendelea na zamu. Wiki ya tatu tulikuwa tunagawa dawa mimi na Ayikoru, binti kutoka kijiji cha Logiri niliyemfundisha mwenyewe kufunga vidonda tangu hajui kushika koleo. Akanusa hewa.

"Sista, kuna mutu anaoza hapa."

"Ni mgonjwa wa kitanda cha nne," nikasema.

Akaenda kitanda cha nne, akamgeuza yule mzee, akamkagua mgongo mpaka visigino, akarudi. Aliinama akafungua kamba za kiatu changu pale pale mbele ya wagonjwa, nami nikamwachia, kwa sababu nilikuwa nimechoka kudanganya.

Vidole vikakatwa. Mvua za kwanza zilinikuta kitandani katika wodi niliyokuwa nikiiongoza, nikisikiliza wauguzi wangu wakitaja jina langu wakati wa kukabidhiana zamu kwa sauti ileile tunayotumia kwa kila mtu. Nilikonda mpaka gauni likanivaa badala ya mimi kulivaa. Macho yakaingia ukungu. Nilianza kujidunga insulini tumboni, na mikono iliyodunga nusu ya mji ilikosea mara ya kwanza ilipogeukia ngozi yake yenyewe.

Niliporuhusiwa, kidonda kilihitaji kusafishwa na kufungwa kila siku. Siku ya kwanza niliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa wafanyakazi, kama nilivyozoea. Ayikoru alikuwa amevaa glavu tayari. Akanitazama, akanitazama tena.

"Sista, benchi iko kule."

"Ayikoru, ni mimi."

"Najua ni wewe. Na daftari yako iko wapi?"

Nikaenda kununua daftari kwa mwanamke wa karanga pale getini, nikakaa benchi. Nilimchukia binti yule kwa muda wa siku mbili. Siku ya tatu nilianza kuelewa benchi. Kwa miaka ishirini na tisa nilikuwa nikipita mbele yake nikisema "ngojeni kidogo", na sikuwahi kujua kwamba ile mbao ya tatu inabana, wala kwamba upepo unaleta harufu ya dawa na ya maandazi kwa zamu. Jirani yangu wa benchi alikuwa Mama Keji, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mfanyabiashara wa samaki wakavu sokoni. Kidonda chake kilikuwa kisiginoni.

"Wewe si ndiyo ile Sista ya kelele?" akaniuliza.

"Ndiye."

"Ulinifukuza mwaka ule kwa sababu nililala chini ya kitanda ya mtoto yangu."

"Samahani, mama."

"Hapana neno. Mimi nilirudi ulipotoka." Akanimegea muhogo wake, kisha akaurudisha mkono. "Aah, nilisahau. Wewe na mimi hapana kula hii mingi." Tukagawana kipande kidogo hivyo, tukacheka mpaka Ayikoru akachungulia.

Mpaka mahindi yalipofika magotini nilikuwa natibiwa kila siku. Karanga zilipotoa maua ikawa mara tatu kwa wiki. Wakati wa kumbikumbi, ikawa mara moja. Ndivyo mwaka ule ulivyokwenda. Katikati yake bodi ya madaktari ilinikagua, ikaandika kwamba sifai tena kwa kazi ya kusimama, na kazi ya uuguzi yote ni kusimama. Nilistaafishwa kwa barua ya aya mbili. Nililia, sitaki kujifanya. Sikulilia mshahara kwanza. Nililia kwa sababu asubuhi yake niliamka, nikapiga pasi sare, nikakumbuka.

Sasa nizungumzie fedha, maana najua ndiko roho yako iliko. Ukistaafu mapema, mshahara unakatika leo na pensheni haijui njia ya kwako. Faili linatembea taratibu, na miezi hiyo ya katikati ndiyo inayoua watu. Nyumba ya kazi nilitakiwa kuihama. Niliuza friji, televisheni na kochi kubwa. Poni alituma alichoweza. Insulini nilijifunza kuihifadhi katika vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Niliwafundisha wagonjwa wengi jambo hilo nikiwa na friji nyumbani, nikidhani ni ushauri wa maskini. Chungu kinafanya kazi vizuri. Hakidai umeme. Kosa langu kubwa ni kwamba sikuwa nimeweka akiba hata ya miezi minne. Nilikuwa nimekopa juu ya mshahara kama wenzangu wote, kila ada ya shule ilipokuja. Kama bado uko kazini na una sukari, weka kitu kando, hata kama ni gunia la maharage.

Nilihamia Koboko, kwenye kiwanja cha wazazi wetu. Mume wangu alikuwa amefariki zamani, na Lemi, kaka yangu mkubwa, alisema nyumba ya mama isikae tupu wakati mtoto wake anatafuta pa kupanga. Huyo ndiye Lemi. Ana maneno machache na moyo mpana, lakini ukimkwaruza hana haraka ya kusahau. Baada ya miezi kadhaa kiinua mgongo changu kikaja, na siku hiyohiyo kila mtu alikuwa na wazo moja. Muuguzi mstaafu anafungua duka la dawa. Ni kama sheria. Hata padri aliniuliza litaitwaje. Lemi alikuwa na chumba kimoja barabarani, karibu na soko, kinyozi alikuwa amekipanga na akilipa bila kuchelewa. Akamtoa kinyozi.

"Hapa utakaa kama mutu kubwa," akaniambia. Nilipata kibali, nikaajiri fundi wa rafu, nikajaza dawa.

Ila kulikuwa na jambo moja lililotuuma, na hatukulitaja. Kwetu mwanamke akimsalimia kaka yake mkubwa hupiga magoti. Nimelifanya tangu utotoni na sikuwahi kuona uzito wake. Lakini ukipiga magoti, vidole vya miguu vinakunjwa chini na uzito wote unalala pale, na kovu langu lilikuwa jipya. Ayikoru alinikataza kabisa. Kwa hiyo nilimsalimia Lemi nimesimama, au nimekaa kwenye kiti, mbele ya wake wa majirani. Nilieleza mara moja, nikaona aibu kueleza kila siku. Maneno yakaanza: pesa ya serikali imempanda kichwani. Lemi alianza tu kunisalimia akiwa amegeuka upande, na mkono akautoa nusu.

Duka lilikwenda vizuri mno. Watu wa Koboko walinijua, na waliovuka kutoka Sudan Kusini na Kongo walikuja kwa sababu naweza kuwaelewa. Kutoka asubuhi mpaka jua linazama nilikuwa nimesimama nyuma ya meza. Kiti kilikuwepo, lakini muuguzi hajui kuhudumia mtu akiwa amekaa, ni ugonjwa wa pili huo. Nilihisi nimerudi wodini. Nilikuwa na furaha, nasema kweli, na ile furaha ndiyo iliyonipofusha.

Siku moja ya kiangazi nilivua kiatu jioni, soksi ikagoma kutoka. Ndani ya kiatu kulikuwa na kifuniko cha bati, kile kidogo kinachofunika kichupa cha dawa ya sindano, kimesimama kwa ubavu. Kilikuwa kimeingia asubuhi wakati napanga dawa, nami nilikikanyaga kutwa nzima, nikiuza, nikicheka, nikiwaambia watu wapumzike. Unyayo ulikuwa umetoboka mpaka nikaona kitu cheupe. Haukuuma hata kidogo.

Asubuhi Lemi alinipeleka Arua mwenyewe. Alikaa na mimi kwenye benchi saa tatu nzima bila kulalamika, kofia magotini. Daktari alipiga picha, akaonyesha kwa kidole chini kidogo ya goti langu. Akasema safari hii ataokoa mguu, lakini nikisimama tena namna ile, hapa ndipo atakapokata. Hakupandisha sauti. Kisha akaniachia Ayikoru anifunge.

Ayikoru alimaliza kufunga, akachukua daftari langu.

"Sista, nyumbani nani anakuangalia unyayo?"

"Mimi mwenyewe. Nina kioo."

"Soma ile karatasi ukutani."

Nikasoma mstari wa kwanza. Wa pili sikuuona. Sukari ilikuwa imekwisha kula macho yangu pia, na kwenye kioo kile nilikuwa naona unyayo kama naangalia mtu nyuma ya pazia.

"Poni iko wapi?"

"Adjumani. Anakuja likizo tu."

"Basi." Akaandika.

"Unaandika nini?" Lemi akauliza. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Naandika hapana mutu, baba."

Njia yote kutoka Arua mpaka Koboko alikuwa akizungusha kofia mikononi. Tulipofika, nilimwambia kabla ujasiri haujanitoka.

"Kaka, nafunga duka."

"Kinyozi yangu nilimfukuza kwa sababu yako."

"Najua."

"Duka inaleta pesa. Utakula nini? Pensheni ile?"

"Ile, na kidogo kingine. Duka naweza kukupa, kaka. Mguu siwezi."

"Wewe hata salamu hapana nipa tena," akasema, na hapo ndipo nilipojua lilikuwa limemwingia kwa kina gani. Akaondoka. Nilikaa mlangoni nikiwa na hakika kwamba nimeokoa mguu na kumpoteza kaka, na sikujua kama biashara hiyo ilikuwa nzuri. Siku tatu hakupita kwangu, naye hupita kila siku akienda shambani.

Siku ya nne, saa moja asubuhi, alikuja na miwani yake ya kusomea, ile iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Nilikuwa kwenye kiti barazani. Hakusalimu. Aliweka jembe chini, akapiga magoti mbele yangu kwenye udongo, akashika kisigino changu kwa mikono miwili.

"Kaka, simama. Watu wataona."

"Waone. Wewe umeangalia makalio ya watu ya Arua miaka thelathini, nani alisema kitu?" Akasogeza miwani. "Hii kitambaa natoa namna gani?"

Nilimfundisha. Nilimfundisha kama nilivyomfundisha Ayikoru, kwa kumfokea, na alikubali kufokewa. Alitazama kati ya vidole vilivyobaki, kisigino, kovu, ukingo wa nje, kisha akahamia mguu wa kulia. Nilikuwa namtazama utosini, mvi zimejaa vumbi, machozi yakinidondoka na yeye akijifanya haoni. Maneno ya majirani yakaisha wiki hiyohiyo. Hakuna aliyejua aseme nini tena.

Duka nililikabidhi kwa muuguzi kijana mwenye cheti na miguu miwili mizima. Analipa kodi kwa Lemi, na kwangu analipa kidogo kidogo thamani ya rafu na dawa. Kwa pesa iliyobaki ya kiinua mgongo nilijenga vyumba viwili vya kupangisha, vidogo, bati zuri, wapangaji ni walimu. Pensheni inaingia kila mwezi, mimi naigawa siku hiyohiyo: insulini na vijiti vya kupimia sukari kwanza, nauli ya Arua ya pili, halafu chakula. Nyama ni Jumapili. Sijapata kuwa tajiri. Lakini mwezi unaisha nami bado nina sabuni, na nilipokuwa na mshahara mzima sikuweza kusema hivyo.

Barazani kwangu watu wanakuja na madaftari yao. Mtu ametoka kwa daktari, ameandikiwa, haelewi. Mimi namsomea kwa lenzi kubwa aliyoninunulia Poni, namweleza kwa Kiswahili au kwa Kikakwa, lugha yetu, kidonge kipi cha asubuhi na kipi hakiliwi tumbo tupu. Sidungi mtu, siuzi kitu, na nafanya kazi hiyo nimekaa. Sidai. Ila nyanya hazikosekani mlangoni, na siku moja bibi mmoja aliniletea kuku mwenye hasira kuliko mimi. Nimejifunza kuhudumia watu nikiwa kwenye kiti. Ilinichukua mwaka mmoja, na ilikuwa ngumu kuliko chuo cha uuguzi.

Mwaka jana wakati wa kuvuna karanga nilikaa mkekani kutwa nikichambua na wake wa majirani. Kesho yake Lemi alikuja kama kawaida. Alitazama mguu wa kulia, ule mzima, ambao hata mimi huwa nausahau. Akausogeza kwenye jua.

"Kuna kitu nyeusi hapa."

"Ni udongo."

Akalowesha kidole, akafuta. "Hapana. Udongo hapana baki hivi. Usivae kiatu."

Nilitaka kubishana. Nilikuwa na wageni wa madaftari wawili wanangoja, na nilihisi mzima kabisa. Alikwishasimamisha boda. Kufika saa sita tulikuwa benchi la Arua, na Ayikoru alitoa mwiba mrefu kama ukucha, uliovunjikia ndani. Ulikuwa na usiku mmoja tu mle. Usaha ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Alisafisha, akanipa dawa, akasema ningekuja nao wiki ijayo, angemwita daktari na msumeno. Kisha akamgeukia Lemi na kumpa mkono, mkono mzima, kama wauguzi wanavyopeana baada ya zamu nzito. Baada ya siku kumi na mbili palikuwa pamefunga.

Kwa hiyo, wewe uliyeegemea ukuta. Utaulizwa mambo mengi: unakula nini, unadunga saa ngapi, pensheni imefika. Yajibu yote. Lakini kabla hujafungua duka, kabla hujajenga, kabla hujauza friji, tafuta mtu mmoja wa kukutazama chini, mahali ambapo wewe mwenyewe huwezi kujiona. Usione aibu kumwomba, hata kama ni mtu ambaye umezoea kumpigia magoti. Wangu ana miaka sitini na moja na haoni vizuri bila miwani. Anakuja saa moja. Leo mvua ilinyesha nikadhani hatakuja, akaja amejifunika gunia, akapiga magoti kwenye tope, akatazama wa kushoto, akatazama wa kulia.

"Iko safi," akasema.

Basi nikavaa viatu.